Kipa Hukomaa Polepole: Somo kwa Wasichana, Wazazi na Wakufunzi wa Kitui na Makueni

Timu ya wasichana inapoundwa katika wadi zetu, swali linaloulizwa mwisho huwa ni hili: nani atakaa golini? Wengi wanataka kufunga mabao. Kwa hivyo goli hupewa aliyechelewa kufika, au aliye mrefu kuliko wenzake, au yule ambaye wenzake wanadhani hajui kupiga chenga. Akifungwa mabao manne Jumamosi ya kwanza, wengine humcheka. Jumamosi inayofuata haji.

Hivyo ndivyo tunavyopoteza makipa kabla hata hawajajua kwamba wao ni makipa.

Somo la toleo hili linahusu maisha ya kipa katika soka ya wanawake: kazi yake ni ipi, huanzia wapi, huchukua miaka mingapi, hatari zake ni zipi, na mzazi afanye nini binti akisema anataka kuifuata njia hiyo. Tumeliandika kwa msichana anayecheza, kwa mzazi anayetakiwa kutoa ruhusa na kwa mkufunzi wa kujitolea anayefundisha timu nzima peke yake. Jambo moja tungependa libaki akilini mwa wote watatu: kipa hukomaa polepole kuliko wachezaji wengine, na akikomaa anaweza kudumu kuliko wao. Kumpima kwa mechi mbili ni sawa na kung'oa mche wa mwembe mwaka wa kwanza kwa sababu haujazaa.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Vipimo hivi ni vilevile kwa wanaume na kwa wanawake. Kwa kuwa wanawake wengi ni wafupi kuliko wanaume, watu hudhani kipa wa kike ameshashindwa kabla ya mechi kuanza. Si kweli. Maana yake ni kwamba miguu na akili yake lazima zifanye kazi kabla mikono haijafika.

Tufanye hesabu ndogo. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira unaokwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa hufika golini kwa takriban nusu sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kuuona, kufikiri, kisha kuruka kwa muda huo. Kipa huokoa penalti kwa sababu amemsoma mpigaji: anavyoukaribia mpira, mguu wa kusimamia unaelekea wapi, nyonga imegeukia upande gani. Kusoma huko hakuji kwa siku moja. Huja baada ya kuwatazama wapigaji mamia kwa mamia.

Kazi nyingine za kipa hazionekani. Yeye ndiye mchezaji pekee anayeuona uwanja wote mbele yake, hivyo ndiye anayewapanga mabeki kwa sauti. Mpira ukirudishwa kwake na mwenzake kwa mguu kwa makusudi, haruhusiwi kuushika kwa mikono. Sheria hiyo ipo tangu 1992, na ndiyo inayomlazimu kipa wa leo kujua kupiga pasi kama kiungo. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akiushikilia mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Mkufunzi ambaye hajawaeleza wachezaji wake sheria hii ataijua siku ya fainali.

KAMBA YA KATANI NA MCHANGA WA MTO

Wengi watasema: sisi hatuna nyasi, hatuna mkufunzi wa makipa, na glavu hakuna. Ni kweli kwamba viwanja vyetu vingi ni vya udongo mgumu, na kuruka juu ya changarawe kunachubua viwiko na nyonga. Hata hivyo, mambo mawili ya msingi yanaweza kufundishwa kwa vitu tulivyo navyo.

La kwanza ni pembe. Chukua kamba ndefu ya katani. Funga ncha moja kwenye mlingoti wa kushoto na nyingine kwenye mlingoti wa kulia, kisha ivute katikati hadi pale ulipo mpira. Utapata umbo la pembe tatu. Msimamishe kipa kwenye mstari wa goli na umwonyeshe nafasi iliyobaki kila upande hadi kwenye kamba. Kisha mwambie asogee mbele hatua tatu. Ataona mwenyewe kwamba kamba zimemkaribia na nafasi imepungua. Hamisha mpira uende pembeni, vuta kamba upya, mwache atafute pa kusimama. Msichana aliyefanya zoezi hili kwa wiki chache haulizi tena kwa nini mkufunzi anapiga kelele, "Toka golini!"

La pili ni kuanguka. Kipa lazima ajifunze kuangukia ubavu, paja na bega, wala si kiwiko au goti. Mahali pazuri pa kujifunzia ni kwenye mchanga, na mchanga tunao. Mito yetu ya msimu hukauka na kuacha mchanga mlaini kuliko uwanja wowote wa shule. Aanze akiwa amepiga magoti, halafu achuchumae, halafu asimame, na mwisho aruke. Tahadhari ni moja, na kila mkazi anaijua: mvua ikinyesha kule juu, mto huja bila kupiga hodi, hata kama mbingu iliyo juu yenu ni nyeupe. Msifanyie mazoezi mtoni msimu wa mvua, na watoto wasiende huko bila mtu mzima.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa kipa, msemo huu ni mafunzo kamili: mipira ya chini ndiyo inayofunga makipa wachanga wengi, kwa sababu hawapendi kuinama.

MIAKA YA KUNGOJA

Sababu ya kipa kuchelewa kukomaa ni rahisi. Kikosi kina nafasi moja tu ya kipa. Mshambuliaji wa akiba anaweza kuingizwa dakika ya sabini. Kipa wa akiba anaweza kukaa benchi msimu mzima. Akiingia, kosa lake moja ni bao.

Tazama safari ya Nadine Angerer wa Ujerumani. Alizaliwa 1978 na kuichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Baada ya hapo alikaa miaka mingi nyuma ya Silke Rottenberg, aliyekuwa kipa nambari moja. Kombe la Dunia la 2007 nchini China lilipofika, Angerer alikuwa na umri wa miaka 28. Alisimama golini mashindano yote bila kufungwa hata bao moja, na katika fainali aliokoa penalti ya Marta wa Brazil. Mwaka 2013, akiwa na miaka 34, aliokoa penalti mbili katika fainali ya Ulaya dhidi ya Norway, na FIFA ikamtangaza mchezaji bora wa kike duniani kwa mwaka huo. Alistaafu 2015 na kuingia kazi ya kufundisha makipa. Ukihesabu, utaona kwamba miaka kumi na moja ilipita kati ya mechi yake ya kwanza na Kombe la Dunia lililomjulisha kwa ulimwengu.

Wapo wanaowahi. Chiamaka Nnadozie wa Nigeria alizaliwa Desemba 2000, katika familia ambayo wanaume walicheza mpira lakini hawakupenda binti acheze. Alichezea Rivers Angels ya Port Harcourt. Katika Kombe la Dunia la 2019 nchini Ufaransa, akiwa na miaka 18, alimaliza mechi dhidi ya Korea Kusini bila kufungwa, na kuwa kipa mwenye umri mdogo zaidi kufanya hivyo katika historia ya mashindano hayo. Mwaka uliofuata alijiunga na Paris FC. Katika Kombe la Dunia la 2023 aliokoa penalti ya Christine Sinclair wa Kanada, mmoja wa wafungaji hodari kuliko wote. Julai 2025 alitwaa ubingwa wa Afrika na Nigeria nchini Morocco, na mwaka huohuo akahamia Brighton ya Uingereza.

Msomaji anaweza kuona safari hizi mbili kama kinyume: mmoja alingoja, mwingine aliwahi. Lakini Nnadozie naye alipata muda. Aliupata tu mapema, kwa sababu palikuwa na klabu iliyomwamini msichana mdogo na kumpa mechi. Bila mechi, kipaji cha kipa hulala.

WAKENYA WALIOSIMAMA LANGONI

Hapa nyumbani, historia ni fupi lakini inasomeka vizuri. Harambee Starlets walifika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 nchini Cameroon. Walipoteza mechi zote tatu za kundi, dhidi ya Ghana, Mali na Nigeria. Kwa walinda lango, yalikuwa masomo makali mbele ya bara zima.

Miaka mitatu baadaye, mnamo Novemba 2019, Starlets walikwenda Dar es Salaam kwa mashindano ya CECAFA. Walicheza mechi tano, wakawashinda wenyeji Tanzania 2-0 katika fainali, na kurudi na kombe bila kufungwa hata bao moja. Miongoni mwa makipa wa kikosi hicho alikuwa Annette Kundu, ambaye alilelewa kisoka na Eldoret Falcons na baadaye akaenda kucheza soka ya kulipwa nchini Cyprus. Mwaka 2021, Vihiga Queens, timu ambayo kipa Lilian Awuor aliidakia, iliwakilisha ukanda wetu katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake ilipofanyika kwa mara ya kwanza, nchini Misri.

Kisha wakaja wadogo zao. Oktoba 2024, timu ya wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, ilikuwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya, ya kike au ya kiume, kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Chini ya mkufunzi Mildred Cheche, na Velma Abwire akiwa langoni, walishindwa na Uingereza na Korea Kaskazini huko Jamhuri ya Dominika, kisha wakaishinda Mexico 2-1. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, dada zao wakubwa waliishinda Gambia kwa jumla ya mabao 4-1 na kufuzu tena kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 2016.

Majina ya klabu zinazotajwa sana katika soka hii yanatoka Vihiga, Thika, Kisumu na Nairobi. Vipaji vya Mwingi, Mutomo, Kibwezi na Mbooni bado havijasikika kama vinavyostahili. Tusiseme ni kwa sababu wasichana wetu hawawezi. Tujiulize ni wangapi waliocheza golini wakiwa na miaka 14 na bado walikuwa golini wakiwa na miaka 18.

NJIA KUTOKA WADI

Kwa msichana wa kwetu, milango ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni shule. Michezo ya shule huanzia kaunti ndogo, kisha kaunti, kanda, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Huko ndiko wateuzi wa timu za taifa za vijana na wakufunzi wa klabu huja kutazama. Chini ya mtaala wa sasa, shule za sekondari ya juu zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi wa mtoto wa gredi ya 9 aulize mapema ni shule zipi zinazoutoa mkondo huo na kama zina timu ya wasichana.

Mlango wa pili ni mashindano ya mitaani na ya kaunti. Katiba ya 2010 iliweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na Makueni tunayo Supa Cup. Timu ikitaka kushiriki mashindano ya kaunti, iulize mapema katika ofisi ya michezo ya kaunti ndogo yake kuhusu tarehe za usajili na umri unaoruhusiwa. Timu nyingi hukosa nafasi kwa sababu ya karatasi, si kwa sababu ya miguu: cheti cha kuzaliwa hakipo, au jina la shuleni halilingani na lililo kwenye cheti. Rekebisheni hayo sasa, kabla ya msimu.

Mlango wa tatu ni ligi za shirikisho, kuanzia ngazi ya chini hadi Ligi Kuu ya wanawake. Huko kuna klabu za taasisi, kama Kenya Police Bullets na Ulinzi Starlets, na za vyuo, kama Zetech Sparks. Kwa kipa wa miaka 19 anayetafuta pa kuangukia, timu iliyo chini ya taasisi inaweza kumfungulia njia ya ajira au masomo pamoja na mechi.

KICHWA, GOTI NA VIDOLE

Kipa huumia kwa namna yake. Vidole hutenguka, bega hugonga ardhi, na goti hupinda anapotua kwa mguu mmoja. Kuchanika kwa kano kubwa ya ndani ya goti huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana, na kunaweza kumweka mtu nje kwa miezi tisa au zaidi. Kinga ipo na haina gharama. Mazoezi ya kupasha mwili yanayojulikana kama FIFA 11+ huchukua kama dakika 20: kukimbia, kuimarisha tumbo na mapaja, kuruka na kutua goti likiwa sawa na vidole vya mguu. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na kuchapishwa 2008, ulionyesha kwamba timu zilizoyafuata ziliumia pungufu kwa takriban thuluthi moja. Mkufunzi anayeanza mazoezi kwa mikwaju ya golini wakati miili bado imelala anacheza na miaka ya mtoto wa mwenzake.

Jeraha la kuogopwa zaidi ni la kichwa. Kipa huingiza kichwa mahali ambapo wenzake wanaingiza mguu. Briana Scurry wa Marekani ni jina kubwa: aliokoa penalti iliyosaidia nchi yake kutwaa Kombe la Dunia la 1999 dhidi ya China, mbele ya watazamaji zaidi ya 90,000, na ana medali mbili za dhahabu za Olimpiki. Aprili 2010 mshambuliaji alimgonga kichwani kwa goti katika mechi ya ligi. Ubongo ulitikisika. Hakucheza tena. Miaka iliyofuata ilikuwa ya maumivu ya kichwa, huzuni nzito na ukosefu wa fedha, hadi akaziweka medali zake rehani. Alipata nafuu baada ya upasuaji mwaka 2013, na tangu hapo amekuwa akiwafundisha watu juu ya jeraha hilo.

Kanuni ni fupi na haina majadiliano. Mchezaji akigongwa kichwa kisha akaonekana kuduwaa, kuyumba, kutapika, kusahau matokeo au kulalamika kwamba mwanga unamsumbua, anatoka uwanjani na harudi siku hiyo, hata kama mwenyewe analia kutaka kurudi, na hata kama timu haina kipa mwingine. Apelekwe kituo cha afya. Familia nayo ihakikishe imejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kwamba michango inalipwa, kwa sababu jeraha haliulizi kama mko tayari.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Binti akianza kung'aa, watu watakuja. Wengine ni wema, wengine si wema. Haya ndiyo mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua.

Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kama vile familia yenyewe kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Mtu anayekuambia atampeleka binti yako wa miaka 16 ng'ambo akacheze, mradi ulipe nauli na ada ya karatasi, anza kumtilia shaka papo hapo. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Mwombe jina lake kamili, na umwulizie katika shirikisho kabla ya kutoa hata shilingi moja au pasipoti.

Mkataba wa mchezaji wa kulipwa ni wa maandishi, na nakala moja hubaki kwa mchezaji. Hauzidi miaka mitano, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi mitatu. Klabu ikikaa miezi miwili bila kumlipa mshahara kinyume cha mkataba, mchezaji anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15, na isipolipa, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Tangu 2021, mchezaji wa kulipwa anayepata mimba ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, angalau 8 kati yake baada ya kujifungua, na malipo yasiyopungua thuluthi mbili ya mshahara. Klabu haiwezi kumfukuza kwa sababu ya mimba. Someni mkataba mkiwa wawili au watatu, na mkikwama tafuteni mwanasheria kabla ya kutia kidole.

HOFU ZA MZAZI

Wazazi wengi hawakatai mpira kwa ubaya. Wanaogopa, na hofu zao zina msingi.

Wanaogopa kwamba masomo yatakufa. Jibu ni ratiba, iliyoandikwa na kukubaliwa na nyumba nzima: siku mbili au tatu za mazoezi, saa ya kurudi nyumbani, na sharti kwamba kazi ya shule hutangulia. Kipa akikomaa akiwa na miaka 25, maana yake ana muda wa kumaliza sekondari na hata chuo. Kwake yeye, masomo hayagombani na mpira. Yanamlisha wakati anapongoja. Na siku mpira utakapokwisha, aliyesoma anaweza kuwa mkufunzi wa makipa mwenye leseni za CAF, mwamuzi, mwalimu, mtaalamu wa tiba ya viungo au mtangazaji.

Wanaogopa kazi za nyumbani kubaki. Katika nyumba nyingi zetu, msichana ndiye anayepanga foleni ya maji jioni, saa ileile ambayo kaka yake yuko uwanjani. Hilo halihitaji bajeti ya kaunti. Linahitaji kaka ashike mtungi siku mbili kwa wiki.

Na wanaogopa usalama wa binti yao. Hofu hii tusiipuuze. Kila timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima anayesafiri nayo. Mkufunzi asikutane na mchezaji mmoja faraghani, wala asiahidi nafasi kwa malipo ya namna nyingine. Wasichana wapewe sodo wakati wa safari bila kulazimika kuomba mbele ya wanaume. Akitokea mtu wa kuwadhulumu, msimalize jambo hilo kwa mazungumzo ya kifamilia: pigeni simu 116, nambari ya bure ya kuwasaidia watoto, au 1195, nambari ya bure ya dhuluma za kijinsia, na mripoti kwa polisi. Na msichana aliyepata mimba ana haki ya kurudi shuleni kwa mujibu wa mwongozo wa Wizara ya Elimu. Anaweza pia kurudi golini.

KWA MKUFUNZI WA WADI

Usimweke golini msichana kama adhabu. Uliza nani anapenda, kisha jaribu watatu, na uwape wote mechi. Mtengee kipa dakika 20 zake katika kila zoezi, hata kama ni mpira mmoja na mwenzake mmoja wa kumrushia. Akifungwa, mwulize alisimama wapi kabla ya kumwuliza kwa nini hakuruka. Andika katika daftari mechi alizocheza na mabao aliyofungwa. Baada ya mwaka, yeye mwenyewe ataona tofauti, na mteuzi akija utakuwa na cha kumwonyesha. Na kwa mashabiki: maneno mnayomtupia msichana wa miaka 13 baada ya bao huwa mazito kuliko bao lenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

Maswali haya yanaweza kutumiwa shuleni, katika vikundi vya vijana au katika baraza la wazazi.

1. Katika timu ya wasichana iliyo karibu nanyi, kipa alichaguliwaje? Je, alipenda?

2. Tajeni wasichana waliokuwa wakicheza mpira miaka mitatu iliyopita na hawachezi tena. Ni nini kiliwaondoa: masomo, kazi za nyumbani, jeraha, mimba, au hakuna aliyewaita?

3. Fungeni kamba kwenye milingoti kama tulivyoeleza. Kipa asimame wapi mpira ukiwa katikati? Ukiwa pembeni? Kwa nini?

4. Mchezaji wenu amegongwa kichwa dakika ya 80 ya fainali na hakuna kipa wa akiba. Mtafanya nini, na ni nani mwenye neno la mwisho?

5. Mtu amekuja na ahadi ya kumpeleka binti wa miaka 17 akacheze nchi ya nje. Andikeni maswali matano mtakayomwuliza.

6. Ni mzazi gani, mwalimu gani au mwanamke gani katika kijiji chenu anayeweza kusafiri na timu msimu ujao? Nendeni mkamwulize wiki hii.